Barua za Mnyoo wa Kichocho

Jike la mnyoo wa kichocho hukaa ndani ya mwili wa dume. Dume ana mfereji mrefu upande wa tumbo, na jike, aliye mwembamba na mrefu kumshinda, hulala humo karibu maisha yake yote. Hata wakinyooshwa, urefu wao ni kama sentimita moja au mbili tu. Makao yao ni mishipa ya damu inayokizunguka kibofu cha mkojo, na hapo si mahali pa salama kwa mgeni. Seli nyeupe hupita humo usiku na mchana, na kazi yake ni kukisaka na kukiua kila kisichokuwa cha mwili. Pamoja na hayo mnyoo huyu, asiye na gamba wala pango la kujifichia, huishi baina ya miaka 3 na 10. Wako watu waliohama nchi zenye kichocho wakakutwa na minyoo hai baada ya zaidi ya miaka 30.

Mnyoo huyu anawezaje kuishi muda wote huo bila kuchakaa? Na anawezaje kuishi bila kuuawa? Majibu ya maswali haya mawili yamepatikana katika kipindi cha miaka kumi na tano hivi iliyopita, na yamo katika elimu ileile ambayo leo hospitali za kifahari duniani zinaitumia kutangaza tiba za ajabu: elimu ya seli shina, ya vifuko vidogo viitwavyo eksosomu, na ya vipande vifupi vya RNA viitwavyo maikroRNA. Nimechagua kuieleza elimu hiyo kwa kupitia Wete, kwa sababu pale ina kazi maalumu ya kufanya, kazi ambayo haihusiani na matangazo.

Wete ni bandari ya kaskazini-magharibi ya Pemba, na ni makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Pemba. Ukiupa mji mgongo ukaelekea mashamba, unakutana na vilima vya mikarafuu, na baina ya kilima na kilima kuna mabonde ya mpunga, vijito na vidimbwi. Maji hayo baridi, yanayokwenda polepole na yenye majani, ndiyo makazi ya konokono mdogo aitwaye Bulinus globosus. Konokono huyo peke yake hamdhuru mtu. Lakini mtoto mwenye kichocho akikojoa majini, mayai ya mnyoo yaliyomo kwenye mkojo wake huanguliwa, na kila yai hutoa kijidudu kinachoogelea kumtafuta konokono. Kina kama siku moja tu ya kumpata. Kikimpata, baada ya wiki kadhaa konokono huyo huanza kumwaga majini vijidudu vingine vyenye mkia uliogawanyika pacha, vinavyopenya ngozi ya mtu kwa dakika chache: ya mwanafunzi anayeoga, ya mama anayefua, ya mkulima anayepalilia mpunga.

Katika miaka ya 1980, katika shule nyingi za Pemba zaidi ya nusu ya watoto walikuwa na ugonjwa huu. Ndipo Zanzibar, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na madaktari kama Lorenzo Savioli wa Italia, ilipoanza kazi ya kupima mkojo shule kwa shule kwa karatasi inayobadilika rangi ikikuta damu, na kutoa vidonge vya prazikwanteli. Mwaka 2000 ikafunguliwa Maabara ya Afya ya Jamii ya Wawi, Chake Chake, iliyopewa jina la Ivo de Carneri, bingwa wa Kiitaliano wa elimu ya vimelea. Baadaye, kati ya 2012 na 2017, ukaja mradi mkubwa wa kujaribu kuumaliza ugonjwa kabisa: shehia (maeneo madogo ya utawala ya Zanzibar) 45 za Unguja na 45 za Pemba ziligawanywa makundi matatu. Wote walipewa dawa mara mbili kwa mwaka. Kundi moja liliongezewa dawa ya kuua konokono, na jingine likaongezewa elimu, sehemu za kufulia na vyoo vya kukojolea karibu na maji wanayopenda kuchezea watoto.

Matokeo yake yanastahili heshima kubwa. Kichocho kizito, kile cha mkojo mwekundu kabisa, kikawa adimu. Ila mzunguko haukukatika. Watafiti waliporudi mwaka 2020 katika shehia 20 za wilaya za Wete na Micheweni, walikuta chini ya watu 2 wenye mayai ya kichocho katika kila 100 waliowapima, huku sehemu chache zikiendelea kuwa chimbuko la maambukizi. Kazi ikabadilika sura. Badala ya kumpa kila mtu vidonge, katika shehia zenye ugonjwa mdogo walianza kumfuata mgonjwa mmoja mmoja: anapimwa, anatibiwa, kisha watu wa nyumbani kwake na majirani nao wanapimwa, na maji wanayoyatumia yanakaguliwa kama yana konokono.

Hapo ndipo tatizo linapoanza kuonekana. Kipimo kikuu cha kichocho ni cha kuhesabu mayai: mililita 10 za mkojo zinapitishwa kwenye chujio, na fundi wa maabara anaangalia chujio hilo kwa hadubini. Mgonjwa mwenye minyoo mingi hutoa mayai mengi na hakosekani. Mwenye jozi moja au mbili hutoa mayai machache, na siku nyingine hatoi hata moja. Anaambiwa huna kitu, anarudi nyumbani, na wiki ijayo anakojoa bondeni.

Mtu mmoja anatosha kuwasha moto upya, na sababu ni seli shina.

Seli shina ni seli ambayo bado haijachagua kazi. Ikigawanyika, mtoto mmoja hubaki seli shina kama mama yake na mwingine huenda kuwa msuli, ngozi, neva au chochote kinachohitajika. Sisi tunazo katika uboho wa mifupa, zinazotutengenezea damu. Mnyoo wa kichocho anazo pia, na mwaka 2013 James Collins na Phillip Newmark, wakifanya kazi Marekani, walizionesha ndani ya mwili wa mnyoo mpevu kwa mara ya kwanza. Utafiti uliofuata uliongeza jambo la kushangaza zaidi: sehemu kubwa ya watoto wa seli hizo huenda kuijenga upya ngozi ya nje. Ngozi ya mnyoo huyu ndiyo uwanja wake wa vita, kwa kuwa ndiyo inayokutana na seli nyeupe za mwenyeji. Kinga inaishambulia, inaharibika, na seli shina zinaleta ngozi mpya. Kwa hiyo hachakai kwa sababu kila siku anashonwa upya kutoka ndani.

Ndani ya konokono, seli za ukoo huohuo hufanya kazi nyingine. Kijidudu kimoja kilichotoka kwenye yai moja kinabeba kundi dogo la seli shina, na hizo hugawanyika na kugawanyika bila dume wala jike, mpaka konokono mmoja anatoa maelfu ya vijidudu vya mkia pacha. Ndiyo maana katika Pemba ya leo swali la muhimu ni nani wa mwisho mwenye mnyoo, na yuko wapi, kuliko kujua ni wangapi wanaoumwa.

Sasa swali la pili, la kutouawa. Hapa inabidi tuondoke Pemba kidogo, twende Canada na Marekani, mwaka 1983. Rose Johnstone na wenzake wa Montreal walikuwa wakichunguza seli nyekundu changa za kondoo ili kujua zinavyopoteza vipokezi vya chuma zinapokomaa. Katika mwaka huohuo kundi la Philip Stahl huko St. Louis lilikuwa linalifuata jambo lilelile kwa seli za panya. Wote waliona kwamba seli inavifungasha vipokezi hivyo ndani ya vifuko vidogo sana, kisha inavitoa nje. Vifuko hivyo ndivyo vilivyokuja kuitwa eksosomu. Upana wake ni kati ya nanomita 30 na 150, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Ukipanga eksosomu 50 mstari mmoja, hazizidi upana wa seli moja nyekundu ya damu. Kwa muda mrefu wengi waliamini kuwa hiyo ni njia ya seli ya kutupa taka.

Imani hiyo ilivunjika mwaka 2007. Watafiti Hadi Valadi na Jan Lötvall, katika Chuo Kikuu cha Gothenburg, Sweden, walizipasua eksosomu wakakuta ndani yake RNA, yaani nakala za maandishi ya jeni, zikiwemo maikroRNA, na wakaonesha kuwa RNA hiyo ikiingia seli nyingine inafanya kazi. Taka haina maandishi ya kusomeka. Hii ilikuwa barua iliyofungwa vizuri, mfano wa ile anayokabidhiwa nahodha wa jahazi bandarini Wete aifikishe Tanga: haijali mawimbi, haijali nani mwingine yumo chomboni, inafunguliwa na yule aliyeandikiwa.

Na maandishi yenyewe? MaikroRNA ni kipande cha RNA chenye herufi kama 22 tu. Hakina maelekezo ya kutengeneza protini yoyote. Kazi yake ni kuzuia. Kinatafuta ujumbe mrefu wa RNA uliotoka kwenye jeni, kinaushika mahali panapolingana na herufi zake, na protini iliyokuwa itengenezwe haitengenezwi, au hutengenezwa kidogo. Victor Ambros na Gary Ruvkun waligundua ya kwanza mwaka 1993, na mwaka 2024 wakapewa Tuzo ya Nobel. Inanipendeza kukumbusha kwamba waliigundua kwa kumchunguza mnyoo, yule mdogo wa udongoni aitwaye Caenorhabditis elegans, na kwa miaka saba wanasayansi wengi walidhani ni jambo la mnyoo huyo tu. Mwaka 2000 ndipo ilipoonekana kuwa maikroRNA nyingine, let-7, imo kwa wanyama wengi, nasi tukiwemo. Leo zinajulikana mamia ya maikroRNA za binadamu. Zinapopungua au kuzidi, mambo huharibika: katika saratani, katika moyo, katika ini linalokuwa na makovu.

Yote haya mnyoo wa kichocho anayajua bila kusoma. Tangu mwaka 2015 hivi, maabara kadhaa zimethibitisha kwamba minyoo wa kichocho, wachanga na wapevu, wanatoa vifuko vya aina hii, na kwamba ndani yake mna maikroRNA. Watafiti waangalifu hawaviiti vyote eksosomu, kwa kuwa vifuko hutoka kwenye seli kwa njia zaidi ya moja na si rahisi kujua kipi kimetoka wapi. Lakini kazi inaonekana kuwa moja. Mwaka 2020 kundi la watafiti wa Israel lilifuatilia vifuko vya Schistosoma mansoni, yule mnyoo wa kichocho cha tumbo anayejulikana sana Kanda ya Ziwa, kuanzia Mwanza hadi visiwani. Walikuta kwamba vinaingia ndani ya seli nyeupe zile zinazoiongoza kinga. Mojawapo ya maikroRNA zilizomo, miR-10, inazuia njia ya mawasiliano ambayo seli hizo zinaihitaji ili zigeuke kuwa wapiganaji dhidi ya minyoo. Kwa maneno mengine, mnyoo anaandika kwa lugha ambayo mwili wetu unaisoma, na anachoandika ni kuwaambia walinzi wasijiandae.

Ninalisema hili kwa tahadhari. Ushahidi huo ni wa panya na wa seli za maabara, na ni wa mansoni. Mnyoo wa Pemba ni ndugu yake, Schistosoma haematobium. Vifuko vyake navyo vimekusanywa na protini zake zimeorodheshwa, lakini amechunguzwa kidogo kuliko ndugu yake, na sababu mojawapo ni kwamba ni vigumu zaidi kumfuga katika wanyama wa maabara. Jambo hili linaniuma. Haematobium anawapata watu wengi wa Afrika, na tangu 1994 ametajwa rasmi kuwa chanzo cha saratani ya kibofu. Mnyoo wa namna hiyo hakustahili kuwa wa mwisho kwenye foleni.

Lakini barua ina tabia moja ambayo mwandishi wake hawezi kuizuia: inaweza kuangukia mikononi mwa mtu mwingine. Vifuko vya mnyoo vinazunguka ndani ya damu yetu, na maikroRNA zilizomo zimelindwa zisiharibiwe. Baadhi yake zinafanana na zetu, hizo hazitusaidii. Nyingine, kama ile iitwayo bantam, iliyogunduliwa kwanza kwa inzi mdogo wa matunda, binadamu hana kabisa. Ukiikuta bantam ya mnyoo katika damu ya mtu, ina mwenyewe, na mwenyewe yumo humo ndani. Mwaka 2013 watafiti wa China walizikuta maikroRNA za mnyoo katika damu ya sungura walioambukizwa. Mwaka 2014 kundi jingine likazikuta katika damu ya panya na ya watu. Na mwaka 2017 watafiti wa Israel wakazitafuta katika vifuko vya damu ya wasafiri walioupata ugonjwa huu Afrika, wakazipata, na wakapendekeza zitumike pia kumfuatilia mgonjwa baada ya dawa.

Kipimo cha aina hiyo kingekuwa na maana gani Wete? Fikiria mzee ambaye hutoa yai moja kwa wiki mbili. Hadubini haitamwona. Lakini minyoo wake wako hai saa zote, na kiumbe hai hutoa vifuko saa zote, awe anataga au hatagi. Fikiria pia mtoto aliyemeza prazikwanteli leo. Dawa hii huua minyoo wapevu, ila wachanga waliopenya ngozi wiki tatu zilizopita wengi huponyoka. Mwezi ujao wamekua. Kipimo kinachosikia uhai badala ya kuhesabu mayai kingeweza kutuambia kama dawa irudiwe.

Halafu kuna wanawake, na hapa naomba msomaji asipite haraka. Mayai ya haematobium hayaishii kwenye kibofu. Huingia pia katika mlango wa kizazi na uke, yakaacha vidonda vinavyotoa damu na uchafu, maumivu wakati wa tendo la ndoa, na wakati mwingine ugumba. Mama huyo mkojo wake unaweza kuwa safi. Akienda kituo cha afya anaweza kuambiwa ana ugonjwa wa zinaa, akapewa dawa zisizomfaa, na akarudi kwa mumewe na tuhuma ambayo hakuistahili, kwa ajili ya maji aliyofulia nguo utotoni. Kipimo cha damu kinachoweza kusema kwamba huyu ana mnyoo kingemlinda mwili wake na heshima yake.

Pamoja na hayo, nikiulizwa Wizara ya Afya inunue nini mwaka huu, sitasema maikroRNA. RNA huharibika upesi ikitolewa mahali pake, inahitaji majokofu, mashine ya kuzidisha vinasaba, na fundi aliyefunzwa vizuri. Na kwa mtu mwenye mnyoo mmoja kiasi chake katika damu ni kidogo mno. Kipo kipimo kingine kilichotangulia njiani. Mnyoo anapokula damu hutapika mabaki yenye kemikali inayofupishwa CAA, na kemikali hiyo hufika kwenye mkojo. Kilipojaribiwa Zanzibar, kipimo cha CAA kiliwakuta watu wengi zaidi kuliko hadubini. Hicho ndicho kilicho karibu. MaikroRNA ziendelee kufanyiwa kazi, na ningependa kazi hiyo ifanywe Wawi, kwa damu ya watu wa Pemba, na mafundi wa Pemba.

Upande wa tiba hali ni tofauti, na inataka ukali zaidi. Yai linapokwama katika nyama, mwili hulizungushia kovu, na makovu mengi hukaza kibofu au ini. Katika panya wenye kichocho, watafiti wa China waliizuia maikroRNA ya mwenyeji iitwayo miR-21, na makovu ya ini yakapungua na panya wengi zaidi wakaishi. Wengine wametumia eksosomu zinazotolewa na seli shina za kitovu cha mtoto mchanga kujaribu kulainisha makovu hayohayo. Wazo hili lina mizizi ya kweli: mwaka 2010 Sai Kiang Lim na wenzake Singapore walionesha kuwa faida ya seli shina kwa moyo wa panya ulioumia inaweza kupatikana kwa eksosomu zake tu, bila seli zenyewe. Lakini panya ni panya. Mwezi Desemba 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwa umma baada ya wagonjwa wa jimbo la Nebraska kudhurika vibaya kwa bidhaa zilizouzwa kama eksosomu, na ikasema wazi kuwa haijaidhinisha bidhaa yoyote ya namna hiyo. Familia za Zanzibar huchangishana na kuuza mashamba ili kumpeleka mgonjwa ng'ambo. Anayeambiwa huko kuwa sindano ya eksosomu itamponyesha figo, goti au kisukari, aombe kuoneshwa kibali cha mamlaka ya dawa ya nchi hiyo kwa maradhi hayo hasa, na asitoe fedha kabla ya kukiona.

Kwa mtu wa Wete mwenye kichocho, dawa iliyopo ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Shuleni hupimwa kwa kijiti cha urefu, mtoto anasimama pembeni yake na alama zinaonesha vidonge vingapi. Inafanya kazi. Kinachobaki ni kumpata anayestahili kuimeza, na katika shehia ambazo watu 98 au 99 katika 100 hawana mnyoo, kumpata yule aliyebaki kunataka tumsikilize mnyoo mwenyewe, kwa kemikali anayoitapika au kwa barua anazozituma.